Miguu inakua, kiwiliwili kimebaki nyuma

Daktari, habari za kazi.

Binti yangu ana miaka 10 na miezi 2. Akiwa na miaka 2 na miezi 4 aligundulika na uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, kwenye figo ya kushoto. Alipewa dawa za saratani, figo ikatolewa, kisha akapigwa mionzi ubavu wa kushoto, grei 14.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao 8. Namba hizi nazinakili kutoka kwenye muhtasari wa matibabu ninaoutunza. Saratani haijarudi. Kila mwaka anapimwa shinikizo la damu, mkojo na figo iliyobaki, na majibu ni mazuri. Kwa hilo nashukuru.

Kinachonikosesha usingizi ni umbo lake. Tangu mwaka jana suruali zinazomtosha ni za saizi ya wenzake, lakini blauzi za saizi hiyohiyo zinamfika chini mno. Kiuno upande wa kushoto kimebonyea, misuli ya ubavu ule ni kama haipo. Sketi inaning'inia upande mmoja, na akisimama bega la kulia liko juu. Mwezi uliopita kliniki walimpima wakaandika: amesimama sm 134, ameketi sm 68. Hakuna aliyenieleza maana yake. Matiti yameanza kuchomoza miezi 3 iliyopita, hedhi bado.

Nimeusoma upya ule muhtasari nikakuta umeandikwa kwamba pingili za mgongo kuanzia ya 11 ya kifua hadi ya 4 ya kiuno zilijumuishwa kwenye mionzi "kwa upana wake wote". Uvimbe ulikuwa kushoto. Kwa nini wapige na nusu ya kulia ya mgongo, iliyokuwa nzima? Walikosea?

Nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi yake anataka tumpe vidonge vya kalsiamu maradufu. Mwingine ametuelekeza kwa mtu anayenyoosha migongo kwa mikono. Jirani, ambaye mwanawe anachomwa sindano za homoni ya ukuaji, anasema niziombe. Mume wangu anasema tusubiri amalize balehe ndipo tujue moja. Mtoto mwenyewe halalamiki, ila mgongo unamchoka akibeba begi la shule. Juzi aliniuliza kama atabaki "mfupi wa juu" maisha yake yote. Sikuwa na la kumjibu.

Mama wa binti wa miaka 10

*

Mama mpendwa,

Nianze na ushauri wa mume wako, kwa kuwa ndio unaoweza kuwagharimu zaidi: msisubiri. Matiti yaliyoanza kuchomoza ni dalili kwamba miaka ya kurefuka kwa kasi imeshafika, na miaka 3 au 4 ijayo ndiyo itakayoamua mgongo wa binti yenu utakuwa na umbo gani ukubwani. Hili si la kukimbizana nalo usiku, lakini miadi na daktari wa mifupa wa watoto iwe ndani ya wiki chache, si mwakani.

Sasa, kilichotokea ndani. Mfupa wa mtoto hauvutiki kama mpira. Unarefuka kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha zake, tunaloliita bamba la ukuaji. Seli za gegedu hugawanyika humo, hujipanga safu kama sarafu zilizobebanishwa, huvimba, kisha vimishipa vya damu na madini huingia na safu ile ikageuka mfupa. Kila pingili ya mgongo ina mabamba yake, moja juu na jingine chini. Mionzi huumiza zaidi seli zilizo katika kugawanyika, na ndiyo sababu inaua saratani. Kwa sababu hiyohiyo inapunguza seli za bamba la ukuaji, na baadaye inabana vimishipa vinavyolilisha. Mfupa uliokwisha kujengwa haukuyeyuka. Binti yako hajafupika hata milimita moja. Alichokosa ni sehemu ya urefu ambao ungekuja.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini umeona sasa, miaka 8 baadaye. Sehemu ya mgongo kuanzia chini ya shingo hadi juu ya nyonga hukua zaidi ya sm 2 kwa mwaka katika miaka 5 ya kwanza ya maisha. Kati ya miaka 5 na 10 hupungua hadi karibu sm 1 kwa mwaka. Balehe ikianza hupanda tena, karibu sm 2 kwa mwaka. Katika ile miaka ya utulivu, bamba lililoumia na bamba zima huachana kidogo sana, na jicho halioni. Balehe inapoingia, pingili nzima zinakimbia na zilizoumia zinajikokota. Tofauti ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa ndogo.

Kuhusu upana wa pingili: hawakukosea, mama. Walifanya lililo sahihi, na inasikitisha kwamba hukuelezwa siku ile. Zamani mionzi ilielekezwa kwenye ubavu wenye uvimbe na kuishia katikati ya mgongo, ili nusu ya pili isalimike. Ilionekana kama huruma. Kumbe pingili moja ikipata dozi upande wa kushoto tu, kulia huendelea kukua na kushoto husimama, na pingili inageuka umbo la kabari. Kabari 5 au 6 zikibebana, mgongo unapinda kuelekea upande uliopigwa. Ndiyo maana ikawa kanuni kuchukua pingili nzima, kulia na kushoto, ili zikipungua zipungue sawasawa. Madaktari walichagua kiwiliwili kifupi kidogo kuliko mgongo uliopinda, na kwa mtoto wa miaka 2 uchaguzi huo bado ndio unaotetewa.

Basi kwa nini bado anainama upande? Kwa sababu pingili hazikuwa peke yake kwenye mionzi. Misuli inayopita pembeni mwa uti wa mgongo, misuli ya ubavu, mbavu za chini, na mara nyingi ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, vyote vilipigwa kushoto tu. Misuli ile nayo haikunenepa inavyopaswa, na mingine imekakamaa. Ubavu uliobonyea unaouona ni hiyo misuli, na inavuta mgongo kama kamba fupi upande mmoja wa hema. Mpindo wa namna hii mara nyingi ni mdogo. Lakini si lazima ubaki mdogo, na hilo ndilo la kulinda.

Dozi nayo ina mengi ya kusema. Tangu utafiti wa mwaka 1952 uliofuatilia migongo ya watoto waliopigwa mionzi, picha imebaki ileile kwa ujumla: chini ya grei 10 mabadiliko ni haba, kati ya 10 na 20 mabamba hupungua kasi na kuacha mistari ya kusimama kwa ukuaji inayoonekana kwenye eksirei, juu ya 20 pingili huharibika umbo. Umri hubadilisha mizani: aliyepigwa kabla ya miaka 2 huumia zaidi kwa dozi ileile, kwa kuwa urefu wake mwingi ulikuwa bado mbele. Binti yako yuko kwenye kundi la kati kwa dozi, na alivuka miaka 2 kwa miezi 4. Kuanzia pingili ya 11 ya kifua hadi ya 4 ya kiuno ni pingili 6, kati ya 17 za kifua na kiuno. Pingili za kiuno ni ndefu kuliko za kifua, kwa hiyo uzito wake ni zaidi ya hesabu hiyo ya vidole, lakini nyingine 11 hazikuguswa, shingo haikuguswa, na miguu haikuguswa.

Tazama sasa zile namba za kliniki. Toa 68 kwenye 134, unabaki na 66: huo ndio urefu wa miguu. Gawanya 68 kwa 134, unapata asilimia 50.7: hiyo ndiyo sehemu ya kimo inayobebwa na kiwiliwili na kichwa. Kwa wasichana wa umri wake sehemu hiyo mara nyingi huzunguka asilimia 52. Kama kiwiliwili chake kingelingana na miguu kwa kiwango hicho, angesimama karibu sm 137.5. Pengo ni kama sm 3.5. Usiichukue namba hiyo kama hukumu. Uwiano huu hutofautiana baina ya jamii na jamii, na kuna koo zenye miguu mirefu kwa asili. Mpime pia ndugu yake wa kike au ujipime wewe. Ukijikuta nawe uko kwenye 50, basi sehemu ya pengo ni urithi wenu tu. Kinachosema kweli zaidi ni mwendo wa namba: mwaka mmoja ujao miguu imeongezeka ngapi, na kiwiliwili kimeongezeka ngapi.

Kwa hiyo upimaji uwe wa kuaminika. Mpime asubuhi, kwa sababu diski za mgongo hubanwa mchana kutwa na kimo hupungua hata karibu sm 1 kufikia jioni. Ukimpima asubuhi leo na jioni miezi 3 baadaye, utaona "hakui" wakati amekua. Asimame bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta usio na ubao wa chini, macho mbele, nywele zisiwe zimefungwa juu. Weka kitabu chenye jalada gumu kichwani kikikaa mraba na ukuta, tia alama, pima. Rudia mara 3, uchukue namba ya katikati. Kwa kimo cha kuketi tumia sanduku au stuli ngumu isiyobonyea, ambayo urefu wake umeupima. Aketi mgongo ukutani, mapaja yakiwa sambamba na sakafu, miguu imekanyaga kitu, mikono mapajani. Pima kutoka sakafuni hadi utosini, kisha toa urefu wa stuli. Kosa la kawaida ni mtoto kuteleza mbele makalio yakaacha ukuta, nawe ukapoteza sm 1 au 2 bila kujua. Ukimlazimisha akae mgongo wima wakati umepinda, utapata namba tofauti kila siku. Mwache akae alivyo, uandike. Mara moja kila miezi 3 inatosha. Ukipima kila wiki utakuwa unapima makosa ya mkono wako, na mtoto atahisi ni mgonjwa kila Jumamosi.

Kuna kipimo kingine cha kufanya nyumbani kabla ya miadi. Angalia bega na kiuno akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi kwenye kiti kigumu. Kama kuinama kunatoweka anapoketi, chanzo ni miguu isiyolingana. Kama kunabaki, chanzo ni mgongo au mfupa wa nyonga wenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu watoto kama wake huwekewa soli ya kuinua kiatu kwa haraka: nyonga ya kushoto inaonekana ndogo au iko chini, mtu anaamua mguu ni mfupi, anauinua, na mgongo unasukumwa vibaya. Kabla ya soli yoyote, asimame juu ya vibao vyembamba vya unene unaojulikana, nusu sentimita kwa nusu sentimita, hadi nyonga zilingane, na daktari aangalie mgongo umenyooka au umezidi kupinda.

Halafu ainame. Miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, ashuke taratibu hadi mgongo uwe sambamba na sakafu, nawe utazame kutoka nyuma. Upande mmoja wa mbavu au wa kiuno ukiinuka kama kilima, pingili zimezunguka, na huo ni mpindo wa kweli. Kwake kuna mtego: misuli ya kushoto ni myembamba, kwa hiyo kulia kutaonekana juu hata kama pingili hazijazunguka. Mtego huo unaweza kuleta hofu bure au, kinyume chake, daktari mwenye haraka akasema "ni misuli tu". Kwa hiyo mtazame pia kwa ubavuni, maana pingili zilizoumia mbele zaidi ya nyuma huleta kibiongo, na wengi hukisahau. Kinachokata shauri ni eksirei ya mgongo mzima akiwa amesimama. Omba ipigwe kutoka mgongoni kwenda kifuani, ili matiti yanayochipua yapate mionzi kidogo zaidi. Ni ombi la kawaida, hakuna atakayekushangaa.

Kwenye picha ile daktari atapima pembe ya mpindo. Chini ya nyuzi 10 hauitwi mpindo. Kati ya 10 na 25 ni kufuatilia kila miezi 4 hadi 6 katika kipindi hiki cha kukua haraka. Ukipita 25 na mtoto bado ana ukuaji mwingi mbele, hufikiriwa jaketi gumu la plastiki linaloshikilia kiwiliwili. Ukipita 45 au 50, mazungumzo ni ya upasuaji. Pembe hupimwa kwa jicho na mstari, na watu wawili wanaweza kupishana nyuzi 5 kwenye picha moja, kwa hiyo kuongezeka kwa nyuzi 2 au 3 kusikushtue. Picha za zamani na mpya zipimwe na mtu mmoja, zikiwa zimewekwa moja kando ya nyingine.

Jaketi hufanya kazi kwa saa linazovaliwa. Kwa vijana wenye mpindo wa kawaida usiojulikana chanzo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliolivaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku ndio waliofaidika zaidi. Mgongo uliopigwa mionzi hautii jaketi kwa uhakika huo, lakini mara nyingi ndicho kizuizi pekee tulicho nacho kabla ya kisu. Fundi wa jaketi lazima ajue kuhusu mionzi. Ngozi ya ubavu ule ina mafuta machache chini yake na huchubuka upesi, kwa hiyo pedi isikandamize kovu la upasuaji. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa baada ya kuvua maana yake jaketi lirudi kwa fundi. Siku za kwanza avae saa chache, mwongeze taratibu. Upasuaji, ukifika, unawezekana, ila mfupa uliopigwa mionzi huunga polepole na jeraha hupona kwa shida zaidi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri balehe iishe.

Jambo dogo la kumkumbusha daktari wa mifupa: ili kujua ukuaji uliobaki, mara nyingi wanatazama jinsi ukingo wa mfupa wa nyonga ulivyokomaa. Kwake ukingo wa kushoto huenda ulikuwa kwenye mionzi. Asome wa kulia, au apige eksirei ya kiganja cha kushoto, ambacho hakikuguswa na chochote.

Sasa ushauri wa ndugu. Kalsiamu kwanza, kwa kuwa umetoka kwenye upendo. Kalsiamu huimarisha mfupa uliopo. Haiwezi kurudisha seli za gegedu zilizokufa, hata ukimpa maradufu. Kwa umri wake anahitaji miligramu 1,300 kwa siku kwa jumla, chakula kikiwemo, na vitamini D yuniti 600. Kama mlo unafikisha, vidonge ni vya ziada, na ziada hiyo inapitia figo moja. Pima kwanza vitamini D na kalsiamu kwenye damu; kama kuna upungufu utazibwa kwa kipimo, si kwa kukisia.

Mtu wa kunyoosha kwa mikono: hapana, na hapa siachi mlango wazi. Mgongo wake haukuteguka hata ukarudishwa mahali pake. Kusukuma na kuvunja kwa nguvu pingili zilizopigwa mionzi ni kuhatarisha mfupa kupasuka. Mtaalamu wa fiziotherapia ni jambo tofauti kabisa, na huyo anamhitaji: kunyoosha taratibu misuli ya mbele ya nyonga na ya ubavu wa kushoto, kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo pande zote mbili, kuogelea kama kunapatikana. Mazoezi hayo hayatarefusha pingili. Yanapunguza uchovu na kuifanya misuli dhaifu ibebe kilicho chake.

Sindano za homoni ya ukuaji zinawafaa watoto ambao ubongo wao ulipigwa mionzi, hasa grei 18 na kuendelea, kwa sababu tezi iliyo chini ya ubongo huacha kutoa homoni hiyo. Inawezekana mtoto wa jirani yako yuko hivyo au ana sababu nyingine. Kwake ni tiba. Kichwa cha binti yako hakikupigwa. Amri ya kukua inatoka, tatizo liko kwa anayeipokea. Ukimchoma homoni bila upungufu, mabamba ya miguu yatasikia kuliko ya mgongo, miguu itazidi kukimbia, na mpindo unaweza kwenda nayo kwa kasi. Sababu pekee ya kurudi kwenye swali hili ni miguu yenyewe kusuasua. Ikitokea hivyo, apimwe tezi ya shingo na homoni nyingine kwanza.

Uchovu wa mgongo chini ya begi unaeleweka. Begi lisizidi sehemu ya 10 ya uzito wake, alivae mabega yote mawili, vitabu vizito vikae karibu na mgongo. Akiumwa mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Ibuprofeni na diklofenaki asizizoee, kwa kuwa zinaumiza figo naye anayo moja. Asipewe bila daktari wake kujua.

Kuna maumivu ambayo si uchovu. Yanayomwamsha usiku, yanayokaa mahali pamoja na kuongezeka wiki hadi wiki, uvimbe mgumu ndani ya eneo lililopigwa mionzi, miguu kulegea au kufa ganzi, au mkojo kuanza kumtoka: hayo hayangojei miadi. Mionzi inaweza, mara chache, kuzaa saratani nyingine ya mfupa miaka mingi baadaye, na hatari hupanda na dozi. Kwa dozi yake hatari ni ndogo, si sifuri. Uvimbe mgumu usiouma karibu na ncha ya mfupa mara nyingi ni kinundu kisicho saratani, ambacho huonekana kwa waliopigwa mionzi wakiwa wadogo, lakini huamuliwa kwa picha, si kwa kupapasa.

Nawaongezea wasomaji wengine, kwa kuwa mahali palipopigwa hubadilisha kila kitu. Mwenye mtoto aliyepigwa mionzi karibu na goti ajue kwamba bamba la chini la mfupa wa paja peke yake huleta karibu asilimia 70 ya urefu wa mfupa huo, takriban sm 1 kwa mwaka. Likisimama akiwa na miaka 6, hesabu ya tofauti ya miguu hufanywa mapema, kwa kuwa kusimamisha bamba la mguu wa pili, usioumia, kwa wakati wake ni rahisi kuliko kurefusha mfupa uliopigwa mionzi. Aliyepigwa nyonga, hasa akiwa chini ya miaka 4, akianza kuchechemea au kuumwa paja au goti, asikanyage mguu huo hadi apigwe eksirei ya nyonga, maana kichwa cha mfupa wa paja huenda kinateleza. Maumivu ya goti huwapoteza wengi. Aliyepigwa taya awe na daktari wa meno kila miezi 6, kwani mizizi ya meno hutoka mifupi.

Nirudi kwa binti yako na swali lake. Mjibu, na umjibu kweli. Mwambie dawa iliyomponya ilipunguza kasi ya kukua ya sehemu ya mgongo wake, kwamba sehemu hiyo bado inakua ila taratibu, na kwamba akiwa mkubwa huenda kiwiliwili kikawa kifupi kwa sentimita chache kuliko ambavyo kingekuwa. Mwambie pia kwamba hakufanya kosa lolote, wala wewe. Mtoto wa miaka 10 anaweza kubeba ukweli huo. Asichoweza kubeba ni kuona mama ananyamaza kila akiuliza. Mpe kazi ya kuandika vipimo vyake mwenyewe kwenye daftari. Blauzi zinapunguzwa chini, na sketi ikatwe pindo akiwa ameivaa, amesimama, upande kwa upande.

Ukienda kwenye miadi chukua ule muhtasari, na uombe kitengo cha mionzi kitoe mchoro wa eneo lililopigwa na mgawanyo wa dozi. Huenda dozi imeandikwa kwa cGy, yaani sentigrei, sehemu ya 100 ya grei (Gy); 1440 cGy na 14.4 Gy ni kitu kimoja, na nimewahi kuona hofu kubwa ikizaliwa na sufuri hizo. Uliza pingili ya 5 ya kiuno, ukingo wa nyonga ya kushoto na ovari ya kushoto vilipata kiasi gani. Nakala moja ibaki kwako na nyingine itunzwe kwa jina lake, kwa sababu ataihitaji baada ya kukua: siku akipata mimba, daktari wake lazima ajue kwamba ubavu ulipigwa mionzi, kwani wanawake hao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kabla ya wakati, na atataka kufuatiliwa kwa karibu tangu mwanzo.